Seva ya video ya gigabiti 100: anza na RAM, sio sysctl

Wakuu, seva ya video ikianza kukwama wengi wanakimbilia kitu kimoja, wanatafuta orodha ndefu ya sysctl (mipangilio ya kerneli, yaani kiini cha mfumo) mtandaoni, wanabandika zote, wanawasha upya afu wanasubiri maajabu. Saa ingine inasaidia kidogo, mara nyingi haisaidii kitu, na humo ndani utakuta bado kuna tcp_tw_recycle ambayo kerneli ya Linux iliitoa kabisa toka 4.12. Sasa hapa nataka tuende kwa njia nyingine, tuhesabu kila baiti ya video inapita mara ngapi kwenye RAM kabla haijatoka kwenye waya, afu tuanze kukata hizo safari moja moja. Waliofika mbali kwenye hii kazi ni Netflix, boksi zao za Open Connect (seva za kugawa video) zinatumia FreeBSD, mfumo endeshi kama Linux, na nginx, programu ya seva ya wavuti, na mwaka 2017 walieleza walivotoa 100 Gb/s kwenye boksi moja, 2019 wakawa wanaongelea 200, na 2021 injinia wao Drew Gallatin akasimama kwenye mkutano wa EuroBSDCon kuelezea 400. Ukiangalia walichofanya, sehemu kubwa ni hiyohiyo, kupunguza safari za baiti.

Mifano ya komandi nitaweka ya Linux maana ndo wengi tunayo, FreeBSD nitaigusa pale inapobidi. Kadi ya mtandao nimeiita eth0, ya kwako inaweza kuwa na jina lingine.

Hatua ya 1: kaa chini upige hesabu

Kwanza usichanganye Gb na GB, mtandao unapimwa kwa biti, RAM na diski kwa baiti, gawanya kwa 8. 100 Gb/s ni 12.5 GB kila sekunde. Kama mtazamaji mmoja anavuta 5 Mb/s basi hao ni watu 20,000 kwa pamoja kwenye boksi moja.

Sasa fuata baiti moja kwenye seva ya kawaida yenye HTTPS ambayo haijaguswa. Diski inaiandika kwenye RAM, hiyo safari ya kwanza. Programu inaomba read, kerneli inaisoma na kuiandika kwenye bafa ya programu, mbili zingine. OpenSSL (maktaba ya usimbaji wa HTTPS) inaisoma, inaisimba, inaiandika, tayari tuko tano. Programu inaita write, kerneli inaikopi tena kwenye soketi, saba. Mwisho kadi ya mtandao inaisoma kuitoa nje, nane. Keshi ya prosesa inaweza kukuokoa safari kadhaa kama trafiki ni ndogo, ila ukiwa na maelfu ya watu kila mmoja na sehemu yake ya filamu, data inakuwa imeshatolewa kwenye keshi kabla hatua inayofuata haijaifikia. Ni kama gunia linaloshushwa chini na kupakiwa tena kwenye kila lori hadi sokoni, wabebaji wanachoka na gunia ni lilelile.

Safari nane kwa 12.5 GB ni 100 GB/s za RAM. Chaneli moja ya DDR4-3200 inatoa 25.6 GB/s kwa nadharia, kwa hiyo chaneli nane ni kama 205, na uhalisia uko chini ya hapo, Netflix kwenye prosesa yao ya AMD EPYC ya kizazi cha Rome walikuwa wanahesabu kama 150. Ndo maana kabla ya yote angalia kama chaneli zote zina RAM:

    dmidecode -t memory | grep -E 'Locator|Size|Speed'

Utashangaa, seva inakuja na prosesa ya chaneli nane ila aliyeiuza kaweka vijiti viwili vikubwa kwa sababu ni rahisi, GB zimetimia ila upana wa njia umebaki robo. Hapo hakuna sysctl itakayokuokoa, nunua vijiti.

Angalia na slot ya kadi ya mtandao. PCIe kizazi cha 3 yenye njia 16 inabeba kama 126 Gb/s, yenye njia 8 ni nusu yake, kwa hiyo kadi ya 100G ukiichomeka kwenye slot ya njia 8 umeshapoteza kabla hujaanza:

    lspci -vv | grep -E 'Ethernet|LnkCap|LnkSta'

LnkSta (kasi iliyopo sasa) ikiwa chini ya LnkCap (uwezo wa juu), hamisha kadi au kaangalie BIOS.

Hatua ya 2: ujue panapobana kabla hujagusa kitu

Fungua terminali tatu wakati trafiki iko juu, yaani usiku watu wakiwa wametulia na simu zao, sio saa nne asubuhi.

    mpstat -P ALL 1
    iostat -x 1
    perf top

Kwenye mpstat ukiona kori moja iko 100 kwenye %soft (kazi za interapti, hasa za mtandao) na zingine zimelala, shida ni foleni za kadi, ruka hadi hatua ya 5. Kwenye perf top ukiona libcrypto (ya OpenSSL) iko juu kabisa, maana yake usimbaji bado unafanyikia kwenye nginx, hatua ya 4 ndo yako. Ukiona majina yenye copy ndani yake yanagombania nafasi ya kwanza, sendfile haifanyi kazi, angalia hatua ya 3. Ukiona hamna kitu kinachojitokeza, prosesa inaonekana iko bize ila kazi haisogei na kila function inakula kidogo kidogo, hapo RAM ndo imejaa, maana prosesa inayosubiri RAM inahesabiwa kama inafanya kazi. Hiyo hali ndo inadanganya watu wengi wanaenda kununua prosesa yenye kori nyingi zaidi bila kubadilisha chochote. Kuipima moja kwa moja, Intel wana pcm-memory na AMD wana uProf.

Hatua ya 3: sendfile, na diski isimsubirishe mtu

Sendfile inaiambia kerneli itoe faili kwenye diski ipeleke kwenye soketi yenyewe, bila kupitia kwenye programu. Kama hamna TLS (usimbaji ule wa HTTPS), safari zinashuka toka nane... tuseme sita, maana bila TLS mbili za usimbaji hazipo, hadi mbili tu: diski inaandika, kadi inasoma.

    sendfile on;
    sendfile_max_chunk 512k;
    aio threads;
    tcp_nopush on;

Hiyo aio threads watu wanaiacha na ni muhimu. Woka mmoja (prosesi) wa nginx anahudumia maelfu ya watu, sasa sendfile ikikuta kipande hakipo kwenye RAM inabidi diski isomwe, na woka anasimama palepale hadi diski ijibu, wale maelfu wote wanasimama naye. Kwenye tovuti ya kawaida huwezi kuona kwa sababu faili zote ziko kwenye RAM, ila maktaba ya video ni terabaiti kadhaa na RAM yako ni GB 256, kukosa ni jambo la kila sekunde. Thredi za pembeni zinabeba hiyo subira. FreeBSD wao waliamua kulimaliza ndani ya kerneli, Netflix na kampuni ya nginx wakaleta sendfile isiyosubiri, ikaingia rasmi kwenye FreeBSD 11, woka anaomba na anaendelea na mambo yake, diski ikimaliza data inaingia kwenye soketi yenyewe.

Ukiwa kwenye FreeBSD video ziweke kwenye mfumo wa faili wa UFS. ZFS ni nzuri sana kwa mambo mengine ila ina keshi yake ya pembeni, kwa hiyo data inakopiwa toka kwenye keshi yake kabla ya kutumwa, na sisi ndo tunakimbia kopi.

Diski zenyewe nitapita haraka: NVMe (SSD za PCIe), sio SATA. Moja ya PCIe 3 inasoma kama 3 GB/s ikiwa katika hali nzuri, kwa hiyo kwa 12.5 GB/s weka sita au nane upate nafasi ya kupumua. Boksi ya Netflix ya 400 Gb/s ilikuwa na NVMe 18. Weka noatime kwenye fstab, weka open_file_cache, na access_log ipe bafa au uizime kabisa. Na kitu kingine, usiingize video mpya wala kutranskodi kwenye boksi hiyohiyo wakati watu wanaangalia, NVMe inayoandikwa inasoma taratibu. Netflix wanajaza boksi zao saa ambazo trafiki iko chini, wewe una cron, itumie.

Hatua ya 4: TLS iingie ndani ya kerneli

Hapa ndo penye utamu. Ukiwasha HTTPS kwa njia ya kawaida sendfile inakufa kimya kimya, maana data lazima ipande kwenye programu ikasimbwe, konfigu inasema sendfile on ila kiukweli uko kwenye safari nane. Dawa inaitwa kTLS: nginx na OpenSSL wanafanya salamu za mwanzo na mteja, wakishakubaliana funguo wanaikabidhi kerneli, kuanzia hapo kerneli inasimba yenyewe na sendfile inarudi kuwa hai. Netflix walianza kuandika kuhusu hili 2015, Linux wakaipata kwenye 4.13, FreeBSD ikaja nayo kwenye 13.0 mwaka 2021.

Unahitaji nginx 1.21.4 au mpya zaidi, na OpenSSL 3.0 kwenda juu iliyojengwa na enable-ktls.

    modprobe tls

Kwenye nginx:

    ssl_protocols TLSv1.2 TLSv1.3;
    ssl_conf_command Options KTLS;

Afu usiamini konfigu, amini kaunta:

    cat /proc/net/tls_stat

TlsTxSw ikipanda watu wakiunganisha, kTLS inafanya kazi. Ikibaki sifuri basi OpenSSL yako haikujengwa vizuri, au nginx imeunganishwa na OpenSSL nyingine tofauti na unayoifikiria, nginx -V itakuambia. FreeBSD weka kern.ipc.tls.enable=1 na kaunta ziko chini ya kern.ipc.tls.stats.

Upande wa aina ya usimbaji baki kwenye AES-GCM, prosesa zote za seva za siku hizi zina maagizo ya AES ndani. ChaCha20 ni nzuri kwa simu za zamani zisizo na hayo maagizo, ila kwa seva ni mzigo.

Tumefika wapi? Diski inaandika, prosesa inasoma, inaandika iliyosimbwa, kadi inasoma: safari nne badala ya nane. Nusu ya RAM umeirudisha kwa mistari miwili ya konfigu, ndo maana nasema sysctl zisubiri.

Netflix kwenye 400 Gb/s hata nne zikawa nyingi. 400 Gb/s ni 50 GB/s, mara nne ni 200, na RAM yao ni 150, hesabu imekataa. Kwa kTLS ya kerneli walikwama kwenye kama 240 Gb/s. Wakaipa kazi kadi ya mtandao, Mellanox ConnectX-6 Dx inaweza kusimba data wakati inaitoa nje, prosesa haigusi video kabisa, safari zikabaki mbili, 100 GB/s, na boksi yenye EPYC moja ya kori 32 ikafika karibu 400. Baadae wakaenda hadi 800.

Kama una kadi ya aina hiyo:

    ethtool -K eth0 tls-hw-tx-offload on

Na kwenye tls_stat sasa inatakiwa ipande TlsTxDevice, sio TlsTxSw. Ila Linux ina jambo moja hapa ambalo halitangazwi sana, kwenye njia ya kadi kerneli kwa kawaida inakopi kwanza data toka kwenye keshi ya faili, inaogopa mtu akibadilisha faili katikati pakiti ikirudiwa itatoka tofauti na ile ya kwanza. Toka kerneli 5.19 kuna chaguo la TLS_TX_ZEROCOPY_RO la kuondoa hiyo kopi, ila OpenSSL nayo lazima iwe mpya kiasi cha kuliomba. Faili zako za video ukishapakia hubadilishi, kwa hiyo ni salama, ila usije ukaandika juu ya faili lilelile, pakia kwa jina jipya afu futa la zamani.

Kwa 10G au 25G usihangaike na kadi ya hivo, kTLS ya kerneli inakutosha na pesa inabaki.

Hatua ya 5: kadi, foleni na NUMA

100 Gb/s kwa pakiti za baiti 1500 ni zaidi ya pakiti milioni 8 kwa sekunde. Ukiruhusu TSO kerneli inatoa vipande vya hadi KB 64 na kadi inakata yenyewe, unashuka hadi kama laki mbili. Angalia ziko on:

    ethtool -k eth0 | grep -E 'segmentation|receive-offload'
    ethtool -l eth0

Foleni ziwe sawa na kori, kwa mfano ethtool -L eth0 combined 32, na interapti zigawanywe, kila foleni na kori yake. irqbalance (huduma ya kugawa interapti) izime kwenye boksi ya hivi, inahamishahamisha mambo, na draiva nyingi za kadi kubwa zinakuja na skripti ya kupanga. Kwenye nginx weka worker_processes auto, worker_cpu_affinity auto na listen yenye reuseport.

Watu wanasahau pakiti zinazorudi. Unatuma video ila kila mtazamaji anarudisha ACK (risiti ya kupokea), mamilioni kwa sekunde, na GRO au LRO inaziunganisha kama tu za muunganisho mmoja zimefuatana. Ukiwa na watu 20,000 hazifuatani, zimechanganyika. Netflix kwenye FreeBSD walichofanya ni kuzipanga pakiti kwanza kwa alama ambayo kadi inazipa, zile za mtu mmoja zikae pamoja, afu ndo LRO iunganishe. Mimi naona ndo moja ya mbinu nzuri kuliko zote walizotoa, rahisi na haina gharama.

NUMA sasa. Seva ya prosesa mbili ina RAM mbili, kila prosesa na yake, na barabara nyembamba katikati. Diski iko upande wa kwanza, RAM imechukuliwa upande wa pili, kadi iko upande wa kwanza, baiti ileile inavuka barabara kwenda na kurudi. Netflix kwenye 200 Gb/s mwaka 2019 walipanga kwamba muunganisho ukiingia kwenye kadi ya upande fulani, kila kitu chake kibaki upande huo, RAM, kusimba na kutoka nje, diski tu ndo inaruhusiwa kuvuka maana haikwepeki.

    cat /sys/class/net/eth0/device/numa_node
    numactl --hardware

Kwa Linux njia rahisi ni kuendesha nginx mbili, kila moja na IP yake kwenye kadi ya upande wake:

    numactl --cpunodebind=0 --membind=0 nginx -c /etc/nginx/upande0.conf

Ukiwa bado hujanunua, nunua prosesa moja kubwa, utalala vizuri.

Hatua ya 6: TCP, na hapa ndo sysctl zenyewe

    net.core.default_qdisc = fq
    net.ipv4.tcp_congestion_control = bbr
    net.ipv4.tcp_slow_start_after_idle = 0
    net.ipv4.tcp_notsent_lowat = 131072
    net.ipv4.tcp_wmem = 4096 65536 4194304

bbr ni kanuni ya TCP ya kupanga kasi ya kutuma. Ya tatu ndo inafanya tofauti kubwa kwa video kama umebaki na cubic ya kawaida, bbr yenyewe haiifuati. Plea inavuta kipande, inakaa kimya sekunde kadhaa, inavuta kingine. Kwa kawaida Linux ikiona ukimya inarudisha kasi ya muunganisho mwanzo kabisa, kwa hiyo kila kipande kinaanza kutambaa upya, na mtu aliye mbali, tuseme yuko Mwanza kwenye simu na seva iko London, plea yake inadhani mtandao ni mbovu inashusha picha. Weka 0.

fq inatawanya pakiti badala ya kumwaga zote kwa mkupuo, router ndogo huko mbele hazizidiwi. Netflix kazi hiyo wanaifanya na RACK, TCP mbadala ya FreeBSD.

tcp_wmem (bafa ya kutuma) kuwa makini na namba ya mwisho. 10 Mb/s kwa mteja mwenye ms 200 ni KB 250 tu zinazohitajika njiani. Nimeweka MB 4 iwe nafasi ya wenye mtandao mkali, ila orodha nyingi zinaweka 64 au zaidi, na kwa kTLS ya kerneli hizo bafa ni RAM halisi yenye data iliyosimbwa, watu 20,000 hata kwa MB 4 kila mmoja ni GB 80. Hiyo tcp_notsent_lowat inasaidia hapo, inazuia soketi isijaziwe data ambayo bado haina nafasi ya kutoka.

Na usizime tcp_timestamps hata kama orodha imesema.

Hatua ya 7: pima tena, kimoja kimoja

Badilisha kitu kimoja, pima, andika, ndo uende kingine. iperf3 itumie kujua kadi na waya tu, haigusi diski wala TLS, kwa hiyo ikikuonyesha 98 Gb/s usishangilie. Mzigo wa kweli uwe na HTTPS, na faili nyingi kuzidi RAM, ukipima kwa faili moja unapima RAM na maktaba yako haijaguswa. Wakati unapima chungulia:

    ethtool -S eth0 | grep -E 'drop|discard|pause'
    ss -ti | head -40

Kwa ss angalia retrans na delivery_rate za watu wachache, namba ya jumla inaweza kuwa nzuri na watu wa mtandao mmoja wanateseka.

Ukiridhika, sysctl ziweke kwenye /etc/sysctl.d/, tls kwenye /etc/modules-load.d/, na zile za ethtool na interapti ziwekee huduma ya systemd inayoanza kabla ya nginx, maana seva ikizimika zinapotea zote na hakuna kitakachokuambia. Ikisharudi hewani soma tls_stat kwanza kabla hujairudishia trafiki.